Gari la Meneja Haliharibiki Tena

Kijiji cha Ujamaa Namtule,
kupitia Mahurunga,
Wilaya ya Mtwara.
14 Septemba, 1982.

Ndugu Josephu Mpangala,
Fundi Mkuu, Karakana ya SHIMABO,
Chuno, Mtwara.

Ndugu Fundi Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUTA MAPYA ULIYOYATIA KWENYE GIABOKSI

Salamu nyingi zikufikie hapo karakana, wewe na mafundi wenzako wote, na Mungu awazidishie spana. Sisi huku Namtule hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo ni wewe.

Huenda hunifahamu. Mimi ni Katibu wa kijiji hiki, kilichopo chini ya kile kilima kikali katika barabara ya kutoka Kitaya kuelekea Mahurunga. Wazee wamenishauri nimwandikie Mkurugenzi wako, lakini mimi naona si haki kumsumbua mtu ambaye hajashika spana. Aliyefungua ile nati na kuyamwaga mafuta ya zamani ni wewe. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa heshima zote.

Nazungumzia gari la bluu la Meneja wenu wa Kanda, Ndugu Mikaeli Rwezaula, wa Shirika la Maendeleo ya Bonde la Chini. Kwa miaka miwili ya mwanzo tulilijua gari hilo kwa vumbi lake tu. Lilipita kwenda Kitaya kwenye shamba la mpunga la Shirika, likapita kurudi mjini. Katika miaka hiyo miwili nilimwandikia Ndugu Meneja barua kumi na moja kuhusu maji. Sikupata jibu hata moja, na simlaumu, kwani mtu anayepita hasomi.

Dereva wake, Filipo, mwenyeji wa Songea, mtu mcheshi na mwenye subira, ndiye aliyetufundisha habari za gari hilo. Alisema halina klachi. Linajibadilishia gia lenyewe, na ndani ya giaboksi yake hukaa mafuta mekundu, mekundu kama maji ya rosela, na hayo ndiyo yanayoisukuma nguvu ya injini mpaka ifike kwenye magurudumu. Kwa uhaba uliopo, mafuta mekundu yakawa hayapatikani, mkawa mnaongezea chochote kilichopatikana. Yakaungua. Yakawa meusi, yakanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Tangu hapo, gari likipata moto na kukuta kilima, injini hunguruma kama inakwenda Dodoma, na gari lenyewe limekaa.

Kilima lilichokikuta ni chetu. Ndipo neema yetu ilipoanzia, Ndugu Fundi Mkuu, na ndipo madhara uliyotutendea yanapoanzia. Nayaorodhesha.

1. Kuhusu maji. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 1980. Gari lilifika nusu ya kilima, likanguruma, likarudi kinyumenyume taratibu mpaka mbele ya nyumba ya Bi Mwajuma Nalinga, mjane, ambaye alikuwa anaanika makopa ya muhogo. Filipo alipanda baiskeli kwenda Mahurunga kutafuta msaada. Ndugu Meneja akabaki kwetu siku tatu.

Siku ya kwanza Bi Mwajuma alimpa maji ya kunywa, akayanywa yote. Jioni akaomba ya kuoga. Akapewa bakuli moja. Akaangalia lile bakuli, akasema, “Mama, naomba na mengine.”

Bi Mwajuma akamjibu, “Mengine, mwanangu, ndiyo yale uliyokunywa mchana.”

Kesho yake alifuatana na kina mama kwenda chemchemini. Waliondoka alfajiri, wakarudi jua la utosi. Alibeba ndoo moja kichwani, na nusu yake akaimwaga njiani, na hakuna aliyemcheka isipokuwa Bi Mwajuma. Wiki ya tatu baada ya gari kuvutwa kurudishwa mjini, lori lilileta mitambo ya kuchimba kisima. Leo tuna pampu ya mkono. Barua zangu kumi na moja hazikufanya kazi ambayo giaboksi ilifanya kwa siku tatu.

2. Kuhusu shule. Mara ya pili ilikuwa Desemba ya mwaka huo huo, na mvua ilikuwa imeanza. Nyumba ya Bi Mwajuma ilikuwa na wageni wa msiba, basi tukamlaza Ndugu Meneja darasani, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Makuti ya paa yalikuwa yameoza. Asubuhi tulimkuta amesimama pembeni, amekumbatia majalada yake chini ya koti.

Akamuuliza Mwalimu Magreth, “Mvua ikinyesha, wanafunzi hukaa wapi?”

Mwalimu Magreth ni mtu wa Iringa, hana maneno mengi. Akasema, “Hapo hapo uliposimama, Ndugu Meneja. Ila wao wako arobaini na mbili.”

Bati zililetwa Februari. Wakati wa kuziezeka, Ndugu Meneja alipita akasimamisha gari bila kuharibikiwa, akaangalia kwa dakika tano. Hiyo ni mara moja pekee, na Filipo alisema hata hivyo gari lilikuwa linapumzishwa lipoe.

3. Kuhusu tabia ya Ndugu Meneja. Sisemi haya kwa kumvunjia heshima, kwani sasa tunampenda. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa anatusalimia sote kwa pamoja, kama mtu anayehutubia. Mara ya tatu alikuwa anajua kwamba Mzee Chilumba, Mwenyekiti wetu, hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, akawa anazunguka kulia kwanza ndipo aseme shikamoo. Mara ya nne alimenya ming'oko, viazi vyetu vya porini, mwenyewe akatuambia kwao Bukoba wangeipika na ndizi. Mara ya tano alikaa na Mzee Chilumba barazani kutwa nzima wakizungumza habari ya mtoto wa Meneja mwenyewe aliyefariki akiwa na miaka minne. Mambo ya namna hiyo, Ndugu Fundi Mkuu, hayazungumzwi ndani ya gari linalokwenda.

4. Kuhusu mipango ya kijiji. Baada ya mara ya tano, Mkutano Mkuu wa Kijiji ulikaa na kuona kwamba maendeleo sasa yanatabirika. Tuliunda Kamati ya Kuharibika. Bi Mwajuma ni mweka kitanda, Mzee Chilumba ni mzungumzaji, mimi ni mkumbushaji. Tulipanga kwamba gari likikwama mara ya sita tutaomba mashine ya kusagia. Ya saba, karavati kwenye kijito kinachotutenga na Mahurunga wakati wa masika. Ya nane, sanduku la dawa. Mpango huo ulipitishwa bila kupingwa na nakala yake imebandikwa kwenye mlango wa duka la kijiji, ambapo watu huusoma wakati wanasubiri sabuni.

Wivu haukukosa. Wenzetu wa kijiji cha mbele walilalamika kwamba sisi tunapendelewa kwa kuwa tuna kilima. Tuliwajibu kwamba kilima tulikikuta, hatukukijenga.

5. Kuhusu ulichokifanya. Mwezi Mei, Filipo alisimama kwetu kunywa maji, akiwa peke yake, uso umemeta kwa furaha. Alisema, “Mzee Katibu, tabu zimekwisha! Fundi Mpangala amemwaga uchafu wote, ametia mafuta mapya.” Akaeleza kwamba mhandisi mmoja wa meli iliyotia nanga bandarini Mtwara, baada ya wewe kumtengenezea pampu yake, alikupa makopo ya mafuta ya aina mpya kabisa kama zawadi. Yanaitwa sinthetiki.

Mzee Chilumba akauliza maana yake.

Filipo akasema, “Maana yake hayakuchimbwa ardhini, Mzee. Wataalamu wameyaunda wenyewe katika maabara. Hayaungui upesi, hayazeeki upesi, joto haliyatishi.”

Mzee Chilumba akafikiri, akasema, “Kitu ambacho hakikutoka ardhini kitajuaje tabu za ardhini?”

Filipo akacheka, akidhani ni utani. Kesho yake gari lilitoka Kitaya na Ndugu Meneja ndani. Kamati ilikuwa imejipanga. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Gari likakipanda kilima kama mbuzi. Hatukusikia hata injini ikibadili sauti. Lilipofika juu halikupumzika, likaenda zake.

Tangu siku hiyo nimelihesabu likipita mara kumi na tisa. Mara ya kumi na mbili nilikuwa karibu kabisa na barabara, nikamwona Ndugu Meneja kwa macho yangu. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, na gari halikumtikisa hata kumwamsha. Anapita kwetu usingizini, Ndugu Fundi Mkuu! Zamani, Filipo alituambia, akikaribia Namtule alikuwa anakamata kiti kwa mikono miwili.

6. Kuhusu juhudi zetu wenyewe. Usije ukadhani tumekaa tu tukilalamika, maana sisi ni wanakijiji wa kujitegemea. Tuliwapanga akina mama kando ya barabara na ngoma, wakaimba na kupunga mikono. Ndugu Meneja aliamka, akapunga pia, akapita. Tulijipanga tena na vitambaa. Akapunga kwa mikono yote miwili. Mjumbe mmoja, jina nalihifadhi, alipendekeza tuchimbe shimo. Nilimkatalia palepale mbele ya mkutano. Nikasema kuchimba shimo barabarani ni hujuma, ila kumwandikia fundi ni utaratibu. Mjumbe mwingine akamfunga ng'ombe wake karibu na kona. Gari likampita ng'ombe kwa ulaini wa kusikitisha.

7. Kuhusu siasa. Jambo hili nimelitafakari kwa muda mrefu. Gari la zamani lilikuwa linatuhitaji. Likikwama tulikuwa tunalisukuma, wanaume ishirini na zaidi, Meneja akiwa pamoja nasi, viatu mkononi. Huo ndio ujamaa wenyewe, hauhitaji kusomewa. Gari la sasa halimhitaji mtu yeyote. Linajichagulia gia bila kumshauri dereva, linapanda kilima bila kuwashauri wananchi, na mafuta yake hayana nchi wala ardhi yalikotoka. Sitaki kutumia neno kupe. Nasema tu kwamba lipo.

Kutokana na maelezo haya, kwa niaba ya wananchi mia tatu na kumi na sita wa Namtule, naomba yafuatayo:

(a) Uyamwage mafuta hayo mapya na kuyarudisha yale ya zamani, kama bado umeyahifadhi kwenye pipa. Fundi mzuri hatupi kitu.

(b) Ikiwa uliyatupa, basi uchanganye, nusu mapya na nusu yoyote, ili gari likwame mara moja kila miezi mitatu. Tusingependa likwame katika mwezi wa Ramadhani, kwa sababu ya kumlisha mgeni mchana, wala wakati wa kuokota korosho. Miezi mingine yote tuko tayari.

(c) Ikiwa mafuta ya zamani yamebaki mengi, hatutaki kuwa wachoyo. Yatiwe kwenye gari la idara ya afya, likwame katika kijiji kisicho na zahanati. Yatiwe kwenye gari la elimu, la barabara, la posta. Kila kilima katika mkoa wetu kipewe idara yake. Na kama mna njia ya kuyafikisha Dar es Salaam, yatiwe kwenye magari ya huko pia, kisha magari hayo yaletwe huku Kusini moja baada ya moja, na yasiharakishwe kurudi. Katika miaka mitano hapatakuwa na kijiji kilichobaki nyuma. Sijasikia mpango ulio rahisi kuliko huu, nao hauhitaji fedha za kigeni. Unahitaji tu mafuta mabaya, ambayo nchi inayo ya kutosha.

Ndugu Fundi Mkuu, naamini hukufanya haya kwa nia mbaya. Uliona gari linaumwa ukalitibu, kama kazi yako inavyokutaka. Lakini ungeuliza kwanza ugonjwa huo unamlisha nani.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, nisalimie mafundi, mlinzi wa geti, na yule karani anayepokea barua, ambaye tumeandikiana sana ingawa yeye hajajibu. Bi Mwajuma anakusalimu, anasema kitanda kipo hata kwako. Mzee Chilumba anakusalimu kwa sikio la kulia. Tunabaki hapa chini ya kilima, tukiwa na matumaini.

Wako katika ujenzi wa vijiji,

Athumani Litunu
Katibu, Kijiji cha Ujamaa Namtule

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Kamati ya Kuharibika, Jalada.

N.B. 24 Septemba. Barua hii imekaa kwangu siku kumi kwa kukosa wa kuipeleka. Ningeiandika upya, lakini karatasi za kijiji zimekwisha, kwa hiyo naomba uisome yote kisha usome hapa.

Juzi Jumatano asubuhi mtoto wa dada yangu, Sharifa, ambaye mimi ndiye mjomba wake, alikuwa katika uchungu wa siku ya pili. Mkunga wetu, Bi Hadija, alitoka ndani akanifuata barazani, akasema, “Katibu, mkono wa mtoto umetangulia. Mimi nimefika mwisho wangu. Huyu ni wa hospitali.” Alisema hivyo kwa sauti ndogo ili dada yangu asisikie. Hospitali iko mjini, na machela hadi Mahurunga tu ni mwendo wa nusu siku.

Nikasikia gari kutoka upande wa Kitaya. Sikumbuki kama nilifikiri lolote. Nilikimbia nikasimama katikati ya barabara, nikainua mikono. Gari likasimama. Halikupiga hata kelele, lilisimama tu, hatua mbili kutoka tumboni mwangu.

Filipo alitoa kichwa nje. “Mzee Katibu! Unataka kufa?”

Nikasema, “Nilikuwa nataka msimame.”

Ndugu Meneja hakuuliza maswali. Alitoa majalada yake na mfuko wa mchele kwenye kiti cha nyuma akaviweka barabarani. Tukamlaza Sharifa nyuma, Bi Hadija akaketi sakafuni akimshika, dada yangu akakaa mbele. Nafasi zikaisha. Ndugu Meneja akafunga mlango kwa nje, akagonga paa la gari kumwashiria Filipo, akasema, “Nenda. Usiningoje.” Gari likakipanda kilima. Nilikitazama kilima kile nikamwomba Mungu kwa midomo yangu kwamba lisikwame, na waliokuwa karibu nami, wanakamati wote, waliitikia amina.

Ndugu Meneja alibaki kwetu siku mbili. Bi Mwajuma alimwekea maji, ndoo nzima. Nilipomweleza kwamba tumekuwa tukimngoja asimame tangu Mei, alisema, “Katibu, niliwaona mkiimba na kupunga vitambaa. Nilidhani mnafurahi kwamba gari limepona. Mngenyoosha mkono tu, ningeshuka.”

Sikulijua hilo. Katika miaka yote hii, na kwa kamati zote tulizounda, hakuna mtu wa Namtule aliyewahi kulisimamisha gari lile.

Leo Filipo amerudi kumchukua. Daktari alimpasua Sharifa saa tano asubuhi ileile. Alisema kama Sharifa angefika mchana, wangekufa wote wawili. Wako hai. Mtoto ni wa kike, na mkono uliotangulia umevimba kidogo lakini unashika kidole. Dada yangu ametuma neno kwamba njia nzima gari halikushtuka hata mara moja, na kwamba Filipo alisimama mara moja tu, pale Madimba, akageuka nyuma na kumuuliza Sharifa, “Dada, bado tupo wote?” naye akasema, “Tupo.”

Kwa hiyo, Ndugu Fundi Mkuu, kuhusu maombi yangu (a), (b) na (c): giaboksi ile usiiguse. Kama makopo ya yule mhandisi yamebaki, tafadhali mtilie na daktari kwenye gari lake.